Kochi Koridoni

Jumatatu, 2 Februari 2009

Darasa jipya limeanza. Wauguzi, walimu, mhasibu mmoja na mchimba visima. Wote wanakwenda Tanzania baada ya Pasaka. Kituo chetu cha kuwaandaa kimewapa wiki tatu za kuijua Afrika, na Afrika yenyewe ni mimi.

Leo salamu. Nimewasimamisha nje ya mlango wa darasa, wapige hodi mmoja mmoja. Wanagonga kama polisi, halafu wanaingia kabla sijasema karibu. Nimewarudisha nje mpaka wakanyooka. Maureen, mkurugenzi wetu, alikuwa anachekea dirishani. Ana roho nzuri Maureen. Alikaa Dodoma ujanani na mpaka leo anapika maandazi magumu.

Mchimba visima anaitwa Raymond, mtu wa Sudbury, kwenye baridi ya kaskazini. Pande la mtu, magoti mabovu. Atakwenda Singida. Maswali yake yote ni ya fundi: inachukua muda gani, nani anahusika, ikikwama mtu afanye nini. Amenichosha. Lakini jioni mikeka ya kituo ilikuwa inanuka vumbi, nikasema naipeleka nyumbani nikaioshe, na ni yeye aliyeipakia kwenye pikapu yake akanileta hadi St. James Town. Akaibeba mpaka mlangoni kwangu, ghorofa ya kumi na nne. Nikamwambia karibu ndani. Akasema hataki kunisumbua, akageuka zake.

Mji huu hakuna anayetaka kumsumbua mwenzake.

Kaka Lameki bado amelazwa hospitali. Wifi anasema leo amekunywa uji. Nimeomba likizo ya Juni niende Njombe nikamwone.

Mikeka inakauka bafuni. Nimekula nimesimama.

Jumatano, 4 Februari

Somo la msiba. Alhamisi ya wiki ijayo watalifanyia zoezi, na mimi kama kawaida ndiye mfiwa. Marehemu ni Mzee Sanga, baba yangu mdogo wa kubuni. Nimemzika kila darasa tangu niajiriwe. Tanzania nzima hakuna mzee aliyekufa mara nyingi kama yeye.

Nimewaeleza. Makochi yanatolewa nje, mikeka inatandikwa sebuleni. Ukiona makochi nje ya nyumba, usiulize, umefika. Vua viatu. Wanawake ndani, chini. Wanaume wanabaki nje mpaka waitwe. Sema pole, kaa. Usiulize amekufa kwa nini. Usiseme ukihitaji kitu niite, maana mfiwa haiti mtu. Mfiwa hapiki, na habari zake hatangazi mwenyewe, wengine wanampelekea.

Raymond akanyoosha mkono. Wanaume wanafanya nini huko nje?

Wanakaa.

Wanakaa wakifanya nini?

Wanakaa, Raymond.

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyepewa mashine isiyo na maelekezo.

Jumamosi, 7 Februari

Lameki amefariki.

Mtoto wake alipiga asubuhi. Alisema tu "Shangazi," nikajua. Akasema mengine, sikumbuki.

Wanazika kesho baada ya ibada. Hata nikipanda ndege sasa hivi nitakuta udongo umeshakauka. Na Juni niliipanga mimi. Juni!

Njombe baridi inang'ata, watu wa hapa hawaamini. Tulipokuwa wadogo njia ya shule ilipita katikati ya majani marefu, yamelowa umande wa barafu. Lameki alikuwa akinitangulia, ili miguu yake ifute umande kabla sijapita mimi. Alifika shule amelowa mpaka magotini. Mimi nilifika mkavu. Sikumbuki kama niliwahi kumshukuru, na nadhani hakuwahi kungoja shukrani.

Nimempigia Neema, Calgary. Alilia. Mwanangu anaelewa Kiswahili chote, lakini tangu darasa la pili anajibu Kiingereza. Akauliza, "Mom, do you want me to come?" Nikasema hapana, una kazi. Angelelewa kwetu asingeuliza, saa hizi angekuwa uwanja wa ndege. Nimekata simu nina hasira naye, kisha nina hasira na mimi niliyemlea huku.

Baadaye nikatoa samani. Meza na viti nimesukumia chumbani. Kochi halikuingia, nikalivuta mpaka nje, koridoni, nikaliegemeza ukutani karibu na mlango wangu. Nimetandika mikeka ya kituo. Nimejifunga kanga. Nikakaa chini.

Sijui nimetandika kwa ajili ya nani.

Jumapili, 8 Februari

Wamezika. Huko ilikuwa mchana, huku hakujapambazuka. Mtoto wa Lameki aliishika simu karibu na kwaya nisikie. Nilisikia upepo zaidi kuliko kwaya. Kadi ya simu ikaisha katikati ya wimbo. Nikaumalizia peke yangu, beti zote, sauti ya chini kwa sababu ya majirani.

Hakuna aliyekuja. Angekujaje? Hakuna anayejua.

Nilipokuwa naishi Mount Dennis, upande wa pili wa mji, nilisali na Wakongo. Kwa wale akina mama nisingewahi kufa njaa. Mtu akifiwa walikuwa wanajaa mpaka kwenye ngazi, na Kiswahili chao cha kuchanganya na Kifaransa, na masufuria. Lakini nilihama, safari za basi zikawa ndefu, Jumapili moja nikakosa, kisha zote. Ningewapigia leo wangekuja. Ila nitawapigiaje nikasema, jamani nimefiwa, njooni mnililie? Aibu hiyo ndiyo inayofanya mfiwa awe na watu wa kumtangazia. Mimi sina.

Jioni nimekuta karatasi mlangoni. Ya Siva, msimamizi wa jengo. Kochi liondolewe koridoni, ni hatari moto ukitokea.

Jumatatu, 9 Februari

Nimekwenda kazini. Nyumbani kulikuwa kimya mno.

Somo la sokoni. Nikawa muuza nyanya. Nikawa mkali wa bei, wakafurahi. Mhasibu alinishinda kwa kubembeleza. Nilicheka na nikasikia kicheko changu kama cha mtu wa chumba cha pili.

Maureen aliuliza nimeshindaje wikiendi. Nikasema salama. Nimewafundisha watu miaka yote kwamba salama haimaanishi salama, na yeye akaipokea akaenda nayo.

Nilitaka kuudhika. Nimeudhika.

Alhamisi, 12 Februari

Siku mbaya. Niiandike ilivyo.

Zoezi la msiba. Asubuhi Maureen na wauguzi walitoa viti vya darasa, nikatandika mikeka niliyoirudisha leo. Nikakaa chini, kanga kichwani. Kwa kawaida Mzee Sanga namlilia kwa adabu, kilio cha kazini. Leo nilipofungua mdomo, nilisema Lameki.

Kaka yangu Lameki, nikasema. Nikashindwa kunyamaza.

Wakaingia wanawake, wamevua viatu, wakakaa. Hakuna aliyeuliza kitu. Muuguzi mmoja alinivuta begani kwake na kuniacha nilie hapo, blauzi yake ikalowa. Maureen akaleta chai kutoka kwenye chupa yangu. Walifanya yote niliyowafundisha, na yote yalikuwa sawa. Kwa muda ule nilikuwa na msiba kama watu wengine. Nilikuwa na watu.

Raymond peke yake ndiye aliyeharibu. Aliingia na wanawake, na mabuti yake, akachuchumaa mbele yangu magoti yakilia, akauliza swali lile lile nililowakataza, "What did he die of?"

Nikamfokea. Toka nje! Wanaume nje! Akatoka, shingo nyekundu. Hakurudi mpaka mwisho.

Halafu Maureen akapiga makofi.

Zoezi likiisha huwa tunapiga makofi, ndiyo desturi ya kituo, na mimi ndiye huwa naanza. Darasa zima likapiga makofi. Mhasibu akasema halijawahi kuonekana zoezi kama hili, ati alisahau kabisa kwamba ni maigizo. Wakainuka, wakaanza kuvaa viatu. Bega nililokuwa nimeegemea likaondoka.

Nikasema kwa Kiingereza, ili nisije nikatakiwa kurudia: ndugu yangu amekufa kweli. Jumamosi.

Mikono ikabaki hewani.

Maureen alinipeleka ofisini. Alilia kuliko mimi. Aliuliza kwa nini sikusema. Amenipa likizo mpaka baada ya Sikukuu ya Familia, Jumatatu ijayo, na namba ya mtu wa ushauri nasaha. Tulipotoka akawaambia darasa, mbele yangu, kwa upole wote, kwamba Mama Neema sasa anahitaji nafasi, kwa hiyo tusimsumbue.

Nafasi. Nina sebule tupu na kochi nje ya mlango. Nafasi ninayo.

Nilitaka kumwambia, Maureen, wewe umekaa Dodoma, wewe unajua. Nimerudi nyumbani na mikeka kwapani. Chupa ya chai nimeisahau huko huko.

Ijumaa, 13 Februari

Maua yameletwa. Hayakufika juu, yameachwa chini mapokezi, nimeshuka kuyachukua mwenyewe. Meupe, mazuri, hayana harufu. Kadi ina sahihi za darasa zima na maneno kwamba wananiwaza. Sahihi ya Raymond haimo. Kazira, nadhani. Na kweli nilimfokea kama mtoto.

Nimeyatia kwenye ndoo. Maua hayakai na mtu. Hayashiki kikombe.

Siva amepanda mwenyewe leo. Ni Mtamil, mwembamba, mtu wa sheria. Amesema Jumanne kochi likiwa bado hapo atalishusha kwenye takataka. Nimesema sawa. Ana haki, korido ni ya wote. Lakini silirudishi. Nikilirudisha nitakuwa nimeanua matanga, na matanga yenyewe hayajaanza.

Neema alipiga. Akauliza tena kama nataka aje. Nikasema tena hapana. Sauti yangu ilikuwa kavu.

Jumapili, 15 Februari

Hakuna.

Nimepika wali, nikaumwaga. Mfiwa kujipikia ni kitu kibaya, mkono unajua.

Jumatatu, 16 Februari

Sikukuu ya Familia. Maduka yamefungwa, barabara nyeupe, kila mtu na wake. Nilikuwa nimekusudia kulala mpaka kesho.

Asubuhi, jua limeshapanda, nilifungua mlango nitupe takataka. Raymond amekaa kwenye kochi.

Koti limefungwa mpaka kidevuni. Kofia magotini. Mabuti ameyavua, ameyapanga kando ya ukuta, yuko na soksi za sufu. Pembeni yake chupa yangu ya chai. Akasimama kwa shida, mkono ukutani.

"Pole, Mama Neema," akasema. Kiswahili cha Sudbury, lakini pole ni pole. Kisha akakaa tena.

Nilisimama na mfuko wangu wa takataka kama mjinga. Nikamuuliza kwa nini hakupiga hodi. Akasema alikuja kurudisha chupa tu, aiache mlangoni aondoke, maana Maureen amewakataza kunisumbua. Akatoka kwenye lifti, akaliona kochi.

"You said if the furniture's out, you've arrived," akasema. "And the men stay outside till they're called."

Kwa hiyo akakaa. Tangu mapema. Sikumsikia kwa sababu hakufanya chochote cha kusikika.

Nikataka kucheka, nikalia. Nililia pale pale mlangoni, na hakunishika wala kunitafutia kitambaa, alitazama sakafu tu kama wanavyotazama wanaume wa kwetu. Sikumwita ndani. Alikuwa mahali pake.

Mlango wa mbele yangu ukafunguka. Luz, Mfilipino, mama wa umri wangu. Miaka yote tumekuwa tukiinamishiana kichwa kwenye lifti, basi. Kumbe alishamuuliza Raymond anamngoja nani, na Raymond alishamwambia. Habari zangu zimepelekwa na mchimba visima! Luz alibeba sufuria kwa vitambaa viwili: uji wa mchele, kuku ndani, tangawizi nyingi. Akayaona mabuti ukutani, akavua ndara zake, akapita, akakaa mkekani kama aliyezaliwa hapo. Akanipakulia. Nikala bakuli zima, nikaongezewa.

Akasema kwao mtu akifa nyumba inajaa, watu wanacheza karata ili kusiwe kimya. Akauliza jina lake. Nikasema Lameki. Akalirudia, akalitamka vizuri.

Mchana nikasikia sauti kali koridoni. Siva, na habari yake ya kochi. Sauti ikapanda, kisha ya Raymond ikasema kitu kifupi. Nilipochungulia, Siva alikuwa amekaa upande wa pili wa kochi, rundo la funguo mapajani, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa yangu. Chai yenyewe sijui nani aliipika. Nadhani ni Luz.

Hawakuniona. Walikuwa wanazungumza habari za boila la kupasha jengo joto, lilivyo bovu tangu Desemba. Raymond akamweleza jinsi mabomba ya Sudbury yanavyopasuka kwa baridi. Siva akasema kwao tatizo halikuwa baridi, tatizo lilikuwa chumvi kwenye kisima. Wakaingia kwenye visima. Raymond alipofika kwenye visima sauti yake ilinyooka.

Nikarudi mkekani nikawasikiliza ukutani. Hivyo ndivyo wanaume walivyo nje ya kila msiba niliowahi kukaa. Mbolea, mvua, bei ya viazi. Ukiwa mdogo unawaona hawana huruma. Ukiwa mfiwa ndani, unasikia tu kwamba wapo.

Nikamsimulia Luz habari za umande. Sikuwahi kumsimulia mtu. Kiingereza changu kiliharibika katikati, nikamalizia kwa Kiswahili, na yeye akaitikia mm, mm, mahali panapotakiwa.

Jioni Luz aliniambia nilale, yeye atakaa. Nikalala.

Jumatano, 18 Februari

Kochi limeingia ndani. Siva na Raymond walilibeba jana. Siva alisema sheria ni sheria, lakini alisimama hapo mlangoni na mikono mfukoni mpaka niliposema haya, sasa liingizeni. Nimekunja mikeka. Matanga nimeyaanua. Yalikuwa madogo lakini yalikuwepo.

Nimerudi kazini. Sebule yangu ilionekana finyu asubuhi, na samani zake zote.

Maureen alikuwa na wasiwasi. Alishasikia habari za Raymond, akamuonya kidogo kwa kwenda kinyume, na Raymond akamjibu kwamba hakunisumbua, alikaa nje. Maureen aliniambia anafikiria kulifuta zoezi la msiba kabisa, lisije likaniumiza tena. Nikamwambia hapana. Zoezi libaki. Ila makofi yaondoke, na likiisha watu wasikimbilie viatu. Akasema sawa. Kisha akafunga mlango wa ofisi, akavua viatu, akakaa chini kwenye zulia, na sketi yake ya kazi. "Pole sana," akasema. Imechelewa. Nikakaa naye.

Leo tulifundisha kupika ugali. Raymond ameusonga kama zege. Nimemwambia hivyo, akafurahi.

Neema alipiga nilipofika nyumbani. Nilimweleza habari za kochi, na Siva, na uji wa Luz. Alicheka mahali pazuri. Kisha akauliza tena, swali lile lile, kwa woga safari hii. Kama nataka aje.

Nilikuwa na jibu langu mdomoni, lile la siku zote. Mtoto haulizi, mtoto anakuja. Lakini huyu hakupewa somo. Wageni nimewafundisha miaka yote, yeye sikumfundisha.

Nikasema, ndiyo. Njoo.

Akasema, "Nakuja, Mama." Kwa Kiswahili.

Atalala kwenye kochi. Limebonyea upande mmoja, pale alipokaa Raymond, lakini atalala tu.